Kiti Kinachotazama Duka

Ukoo mzima ulikuwa umeanza kumkimbia Mwalimu. Hakuwa mgomvi, wala hakuwa na deni la mtu. Alikuwa anaomba damu, na mwombaji wa damu huogopwa kuliko mdai, hata kama ana sauti ya kubembelezea watoto wa chekechea. Binamu mmoja aliyezoea kumpigia simu kila wiki alipatwa na mafua yasiyopona. Mwingine alisema yuko safarini, na mchana huohuo Mwalimu akamkuta sokoni, amejibanza nyuma ya magunia ya viazi, kichwa kimesitirika na tumbo limebaki nje.

Mwalimu akampita kana kwamba hakumwona. Aibu ilikuwa ya binamu, lakini aliyeinamisha uso ni yeye.

Mume wake, ambaye mji mzima ulimwita Kinyozi kwa sababu ya kazi yake, figo zilikuwa zimekataa kazi. Mara tatu kwa wiki alikaa kwenye kiti cha kitengo cha kusafisha damu, sindano mbili mkononi, damu ikitoka kwa mrija mmoja, ikipita kwenye chujio na kurudi kwa mrija mwingine. Hilo walishalizoea, maana binadamu huzoea hata kisichozoeleka. Ambacho hawakukizoea ni damu yake kuisha. Wagonjwa wenzake waliongezewa mara mojamoja. Yeye akiongezewa alipata rangi siku chache, kisha anafifia tena, midomo imepauka kama amelamba chaki. Kila akitoka kwenye mashine mgongo ulimuuma na macho yakawa na unjano. Na hospitali ilikuwa na utaratibu wake: chupa moja ikitoka, ndugu mmoja anyooshe mkono kuirudisha.

"Wifi, hivi kaka yangu unamlisha nini?" aliuliza dada wa Kinyozi, amesimama jikoni na kufunua sufuria bila kuombwa. "Mtu anatiwa damu kama gari linavyotiwa mafuta, na bado anazima njiani."

"Ninamlisha alichoandikiwa."

"Alichoandikiwa! Mgonjwa halishwi karatasi. Mama angekuwa hai..."

"Mama angekuwa hai angekuwa ameshatoa damu," alisema Mwalimu, akarudisha mfuniko mahali pake. "Wewe mara ya mwisho ulitoa lini?"

Wifi akakumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba na mawingu yametanda.

Yule wifi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na mwoga hutafuta wa kumlaumu aliye karibu. Lakini neno lake lilimchoma Mwalimu na kukaa. Usiku ule alikagua vyakula vyote ndani ya nyumba kana kwamba anamtafuta mwizi.

*

Daktari wa kitengo alikuwa mwanamke mnyoofu, asiyependa kuzungushazungusha maneno. Alimwita Mwalimu ofisini, akamwomba amwage mezani dawa zote anazotumia mumewe.

"Na za mitishamba?"

"Hakuna."

"Mama, usinifiche. Sitakugombeza."

"Daktari, nimeshasema hakuna." Mwalimu alihisi masikio yakipata moto. Miaka yote alikuwa yeye ndiye anayeuliza watoto nani kala udongo. Leo anaulizwa yeye.

Daktari alimtazama, akaridhika. Akachukua kichupa chembamba cha damu kilichokuwa kimesimama kwenye kishikio, akakiinua kwenye mwanga. "Hii ni damu ya mzee, tuliitoa alipomaliza kusafishwa jana. Damu ukiiacha itulie, chembe nyekundu zinashuka chini, juu yanabaki majimaji. Yanatakiwa yawe ya njano hafifu. Unayaona haya?"

Yalikuwa mekundu, kama maji yaliyooshewa nyama.

"Damu ya mumeo haipotei," daktari aliendelea. "Wala si kwamba mwili hauitengenezi, ingawa nao umechoka. Chembe zake zinapasuka. Tunamwekea damu ya watu, nayo inapasuka vilevile. Zinapasukia humu, kwenye mashine yetu."

Kwa mara ya kwanza tangu balaa hili lianze, mtu alikuwa amemwambia kwamba si chakula chake. Machozi yalitaka kumtoka, akayarudisha, maana alikuwa na swali.

"Zinapasuliwa na nini?"

"Ndicho tunachotafuta. Maji ya mashine yakiwa na klorini, yanapasua. Yakiwa ya moto kupita kiasi, yanapasua. Dawa inayochanganywa na maji hayo ikiwa nyepesi, inapasua. Bomba likitoa madini, hivyohivyo. Hata kuibana tu damu ipite mahali pembamba kwa nguvu."

"Basi tuanze na la kwanza," alisema Mwalimu, kwa sauti ileile aliyotumia kufungulia somo.

Daktari akacheka kidogo, halafu akaacha. "Tuanze leo. Sitaki kukutisha, lakini moyo wake umeanza kuchoka kusukuma damu nyepesi. Na kila chupa ya mtu mwingine tunayomwekea inaweza kuwa ndiyo ambayo mwili wake utaikataa. Hatuna muda mrefu."

*

Walianza. Fundi wa mashine, bwana mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, hakufurahi kusikia maji yake yakitiliwa shaka. Alimpeleka Mwalimu kwenye chumba cha mapipa, akachota maji mbele yake, akayatia dawa ya kupimia na kusubiri yabadilike rangi. Hayakubadilika.

"Umeona? Ungekunywa hata wewe."

"Sina kiu, fundi. Pima na ya kwenye mashine yake."

Alipima. Alipima na joto lake. Daktari naye alibadilisha chujio kwa la shehena nyingine, akasimamisha vidonge viwili alivyovishuku, akapeleka damu ikaangaliwe kama Kinyozi amezaliwa na udhaifu wa chembe. Majibu yakarudi, moja baada ya jingine, yote mazuri. Mwalimu hakuwahi kujua kwamba majibu mazuri yanaweza kumkatisha mtu tamaa namna hii.

"Kingekuwa kitu cha maji au dawa, wagonjwa wote wangeumwa," alisema daktari, akijikuna kichwa kwa kalamu. "Hata yule bibi anayetumia mashine hiyohiyo mchana ni mzima, damu yake safi. Ni mzee peke yake. Kwa nini yeye peke yake?"

Swali hilo Mwalimu aliondoka nalo, akalala nalo, akaamka nalo.

Chupa nyingine ilihitajika. Safari hii aliyebaki ni shemeji yake, mdogo wa Kinyozi, aliyekuwa akishika duka la kunyolea tangu kaka yake augue. Shemeji huyu alikuwa na mwili wa mbeba mizigo na roho ya kifaranga. Akiona sindano ya kushonea alitafuta kiti.

"Shemeji, nipe wiki mbili nijiandae," alisema. "Nile maini. Nile mboga. Nizungumze na nafsi yangu."

"Zungumza nayo haraka."

*

Kitengo kilikuwa ghorofa ya pili, na dirisha lake moja lilitazama barabarani, moja kwa moja kwenye duka la Kinyozi. Mwanzoni kabisa Kinyozi alikuwa amegoma kusafishwa. Alisema hawezi kufungwa kwenye mashine kama mbuzi kwenye kigingi huku mdogo wake akiharibu vichwa vya watu. Mwalimu ndiye aliyekwenda kwa muuguzi wa zamu ya asubuhi, dada mmoja ambaye wagonjwa walimwita Taratibu kwa jinsi alivyochoma sindano, akambembeleza mpaka akapata kiti cha dirishani. Hakuishia hapo. Viti vyote vilitazama ndani. Akamwomba kiti cha mumewe kigeuzwe kitazame nje.

"Mama, utaratibu hauruhusu," Taratibu alikuwa amesema.

"Dada yangu, utaratibu haujui kwamba huyu mtu bila duka lake haji tena. Akitoka, unakirudisha kilivyokuwa. Nani ataumia?"

Kuanzia hapo Kinyozi hakukosa siku. Alikaa pale kama jaji, akipokea watu na kuwahukumu. "Mtazame yule! Kanyolewa au kaliwa na panya?" Alimpigia mdogo wake simu na kumwelekeza kutoka ghorofani: shusha mashine, inua kidevu, hapo nyuma umeacha kisiwa. Wagonjwa wenzake walicheka. Mwalimu alijipongeza moyoni, kwa haki, maana alikuwa amemshinda mwanamume mbishi kuliko wote aliowajua.

Kisha ikanyesha mvua kubwa, dirisha likavuja, na kwa siku ile moja Kinyozi akahamishiwa kiti cha karibu na mlango. Alinuna mpaka mwisho.

Jioni yake Mwalimu alimwekea chakula, akala, akaomba kingine. Akainua ndoo ya maji akaipeleka bafuni mwenyewe. Mwalimu alimtazama akipita, mgongo umenyooka.

"Mgongo haukuumi leo?"

"Unauma."

"Unauma wapi?"

"Mgongoni, Mwalimu. Mgongo unaumia wapi tena?" Akaingia bafuni haraka mno kwa mtu anayeumwa.

Mwanamke aliyeishi na watoto wadogo maisha yake yote hadanganywi na mtu wa aina hiyo. Alimsubiri atoke. Alimkalisha kitandani, akamshika mashavu, akavuta kope chini kwa kidole gumba. Jicho lilikuwa jeupe, halina unjano.

"Leo hukuumwa."

Kinyozi akatazama ukuta.

"Nakuuliza. Leo, kwenye kile kiti cha mlangoni, uliumwa au hukuumwa?"

"Sikuumwa," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Na ile siku umeme wa upande wa dirishani ulipokatika wakanihamisha, siku hiyo pia sikuumwa."

"Hiyo ni miezi imepita! Ukakaa kimya?"

"Ningesema, mngeniondoa pale." Aligeuka, na Mwalimu akaona kwamba macho yake yamejaa. "Wewe unadhani nakwenda kule kuishi? Nakwenda kulitazama duka. Saa zile ndizo mimi bado ni mtu mwenye kazi. Ukiniweka mlangoni nitazame kitasa, mimi ni mgonjwa tu, nasubiri zamu. Niondoe pale uone kama nitarudi."

Hasira ilimpanda Mwalimu. Alitaka kumwambia habari za binamu nyuma ya magunia, za wifi na sufuria, za jinsi alivyojifunza kuomba kama aliyezaliwa nako. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu kiti kile alikiomba yeye. Alikitafuta kwa mdomo wake mwenyewe.

"Usiporudi utakufa," alisema. "Na mimi sijaombea watu damu barabarani ili uje ufe kwa ajili ya kisogo cha mtu kilichonyolewa vibaya. Kesho naenda kumwambia daktari. Ukitaka kununa, nuna. Mtu hununa akiwa hai."

*

Daktari alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akainuka, akamwita fundi, akamwita na Taratibu.

"Dada, panga kila kitu kama unavyompangia mzee. Kiti, mashine, mirija, vyote. Usirekebishe chochote kwa sababu tunakutazama. Tutapitisha maji ya chumvi badala ya damu."

Taratibu alikivuta kiti, akakigeuza kitazame dirisha. Nafasi ikawa finyu, kwa hiyo akaisukuma mashine mpaka pembeni, ubavu wake ukakaribia ukuta. Mkono wa chuma unaoshika chujio ulikuwa umejitokeza kando, ukagonga ukuta. Kwa mazoea, bila hata kuutazama, akauzungusha nyuma ya mashine. Akafunga mirija, akawasha pampu. Gurudumu likaanza kuzunguka. Hakuna kengele iliyolia. Namba zote kwenye kioo zilikuwa shwari.

Walisimama wote wanne wakiitazama, na mbele palikuwa safi kabisa. Fundi akapiga magoti, funguo zikagonga sakafu, akaingiza mkono kati ya mashine na ukuta, akaufuata ule mrija mfupi unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye chujio. Mkono wake ukasimama.

"Zima," alisema.

"Kuna nini?"

"Umejikunja. Huku nyuma, pale unapoingia kwenye chujio. Umekunjika kama mpira wa kumwagilia, pamebaki upenyo wa sindano." Alikuwa bado na mkono ndani, uso umebanwa ukutani. "Pampu inasukuma kwa nguvu zake zote na damu inapita hapa."

"Kwa nini haikulia?" aliuliza Mwalimu.

"Hizi mashine zina macho mawili, mama. Moja linapima kabla ya pampu, jingine linapima damu inaporudi kwa mtu. Hapa katikati ni kipofu." Alijitoa, akajifuta vumbi. Hakukuwa na majivuno tena. "Na mchana kiti kikirudi, mkono huu wa chuma unarudi, mrija unanyooka. Ndiyo maana yule bibi ni mzima."

Daktari alivuta pumzi ndefu. "Nimesimama hapa mbele mara zisizo na idadi, nikasoma namba, nikaondoka," alisema.

Taratibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgonjwa, hana pa kuficha mikono yake. Msimamizi wa kitengo, aliyevutwa na mkusanyiko ule, alikuwa ameshafika mlangoni akiwa na uso wa mtu anayetafuta wa kumfukuza.

"Nani aliruhusu kiti kigeuzwe?"

Mwalimu aliona njia iko wazi ya kutoka. Angenyamaza tu, dada wa watu angebeba lawama. Na dada mwenyewe, jinsi alivyoinamisha kichwa, alikuwa ameshaanza kubeba.

"Mimi," alisema Mwalimu.

"Wewe ni mfanyakazi hapa?"

"Mimi ni mke wa mgonjwa. Huyu alinikatalia, akaniambia utaratibu hauruhusu. Nikamng'ang'ania kama kupe mpaka akanionea huruma. Kama kuna wa kuulizwa, niulize mimi. Ukimwondoa huyu, niambie nani atawachoma hawa watu bila kuwaumiza."

"Na mkono wa chujio je, nao ni huruma?"

"Huo niliugeuza mimi," alisema Taratibu, akainuka. "Sikujua. Lakini niliugeuza mimi, kila mara."

Msimamizi aliwatazama wanawake wale wawili, kila mmoja anagombea lawama, jambo ambalo katika kazi yake hakuwahi kuliona. Daktari akamshika bega, akamtoa nje. Taratibu aliandikiwa onyo, akalia siku nzima, akabaki kazini. Siku iliyofuata fundi alipita mashine zote na kukaza mikono ya chujio isizunguke tena.

*

Kumwambia Kinyozi ilikuwa kazi ya daktari, lakini Mwalimu aliifanya mwenyewe, na alikwenda nyumbani na mrija mpya aliopewa. Aliujaza maji bombani, akamshikisha mumewe ncha moja, kisha akaukunja katikati mbele ya macho yake.

"Pita hapo," alimwambia.

Kinyozi aliutazama mrija. Akaukunja na kuukunjua mwenyewe mara kadhaa. Alikaa nao muda mrefu mpaka maji yakamlowanisha magoti.

"Kwa hiyo damu ya watu wote wale," alisema, "ya mjomba, ya jirani, ya yule mwalimu mwenzako... nimeisaga mimi. Ili nimtazame ndugu yangu akikosea kunyoa."

"Tumeisaga sote. Kiti nilikiomba mimi."

"Mwalimu, nikitazama ndani nitaona nini?"

"Utaniona mimi. Nitakuja kila siku ya kusafishwa, darasa nitamwachia mwenzangu. Kama sura yangu haikutoshi, sema sasa nijue."

Akacheka bila kutaka, kicheko kilichoishia kwenye kilio, na Mwalimu akamwacha alie. Siku iliyofuata ya kusafishwa alipanda ngazi mwenyewe, akasimama dirishani kidogo, kisha akakaa, kisogo kwa duka.

"Kuna wateja?" aliuliza baada ya muda.

Mwalimu alikuwa amesimama kando ya mashine, macho kwenye ule mrija mfupi, umenyooka, mwekundu, unapita. "Sijui," alijibu. "Sijaangalia."

Kichupa cha siku ile kilipotulia, majimaji ya juu yalikuwa ya njano. Daktari hakutaka washangilie. Mwili ulikuwa umeumia, alisema, na damu ilikuwa chini sana. Watampa sindano za kuusaidia utengeneze yake, na mwisho wa mwezi watapima. Isipopanda, chupa itahitajika, na mtoaji awepo palepale.

Mwisho wa mwezi ukafika. Daktari alitoka na karatasi, akaisoma akiwa bado anatembea. "Imepanda," alisema. "Si sana. Lakini hii ni ya kwake, hakuna aliyemwekea."

Kabla Mwalimu hajaipokea ile karatasi, miguu mizito ilisikika kwenye ngazi. Shemeji alitokea mlangoni akihema, aproni ya kazi kifuani, nywele za wateja zimemganda shingoni, mkono wa shati umekunjwa mpaka begani. Macho alikuwa ameyafumba tayari.

"Nimekuja," alisema. "Nimefunga duka. Nimekula maini mwezi mzima mpaka nayachukia. Msinisemeshe, nikisemeshwa nitakimbia. Chomeni."

Hakuna aliyemsogelea na sindano. Aliyemsogelea ni Mwalimu. Alimshika ule mkono mnene, akaushusha mkono wa shati taratibu mpaka kwenye kifundo cha mkono, akafunga na kifungo, kama alivyowafungia watoto wa watu kila siku kabla hawajaenda nyumbani.

"Nenda kafungue duka, shemeji," alimwambia. "Kaka yako ana damu yake."